Udongo Unaofika Maabara: Uchukuaji na Uwasilishaji wa Sampuli kutoka Bustani za Mboga

Mada hii inahusu hatua zinazotangulia upimaji wa udongo, yaani kazi yote inayofanyika kuanzia bustanini hadi mfuko wa udongo unapopokelewa maabara, ikitazama zaidi bustani ndogo za mboga za Tanzania, ziwe za miteremko ya Uluguru na Usambara au za mabonde ya mijini. Mijadala mingi ya upimaji huanzia kwenye majibu na mapendekezo ya mbolea, ilhali makosa mengi yanayoyaharibu majibu hayo huwa yamekwisha kutendeka kabla fundi wa maabara hajaufungua mfuko. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba uamuzi mzito kuliko yote katika kazi hii ni uamuzi wa mipaka, yaani udongo upi uchanganywe na upi, na upi utengwe. Na kwamba mipaka hiyo hufuata historia ya matumizi ya ardhi, ambayo mtunza bustani huijua kuliko mtaalamu, wala haifuati umbo la bustani kama linavyoonekana kwa macho.

Uzito wa jambo hili huonekana kwa hesabu ndogo. Bustani ya robo eka ina eneo la karibu mita za mraba 1,000, na tabaka lake la juu lenye kina cha sentimita 20, ambamo mizizi mingi ya mboga hujilisha, lina ujazo wa mita za ujazo 200. Ikichukuliwa kwamba mita moja ya ujazo ya udongo mkavu ina uzito wa tani 1.3, tabaka hilo lina tani 260 za udongo. Kinachopelekwa maabara kwa kawaida ni nusu kilo, na katika hiyo nusu kilo fundi huchota gramu chache tu kwa kila kipimo. Mashine hata iwe sahihi kiasi gani, haiwezi kurekebisha upungufu wa gramu hizo ikiwa hazikuwakilisha tani 260 zilizobaki nyuma.

Mipaka ya sampuli

Sampuli ya bustani huwa ni sampuli mchanganyiko, maana yake ni udongo uliokusanywa kutoka sehemu nyingi za eneo moja, kwa kawaida sehemu 15 hadi 20, kisha ukachanganywa na kupunguzwa. Mchanganyiko huo hutoa wastani, na wastani una maana pale tu vitu vinavyochanganywa vinapokuwa vya namna moja. Sehemu iliyokuwa zizi la ng'ombe miaka michache iliyopita huwa bado na fosforasi na potasiamu nyingi, wakati tuta lililo hatua kumi kutoka hapo, ambalo limelimwa kabichi msimu baada ya msimu, linaweza kuwa limechoka kabisa. Udongo wa sehemu hizo mbili ukitiwa katika ndoo moja, maabara italeta jibu la rutuba ya kadiri, jibu ambalo si la kweli kwa sehemu yoyote kati ya hizo mbili, na pendekezo litakalotokana nalo litamfanya mtunza bustani aongeze mbolea pasipohitajika na kuipunguza panapohitajika.

Kwa hiyo kabla ya jembe kuguswa, bustani inapaswa kuchorwa kwenye karatasi na kugawanywa katika vipande ambavyo kila kimoja kina udongo unaofanana kwa rangi na mguso, mteremko mmoja, na historia moja ya mazao, samadi na chokaa. Rangi na mteremko mgeni anaweza kuviona; historia haionekani. Ni nani atakayejua kwamba kona ya mashariki ilikuwa jalala la kuchomea taka, ambako majivu yamepandisha pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, au kwamba kando ya ukuta palikorogewa chokaa na saruji wakati nyumba inajengwa? Kwa sababu hiyo utaratibu wa afisa ugani kufika, kuchukua udongo na kuondoka bila kuzungumza na anayelima, ambaye mara nyingi ni mama wa nyumba wala si mwenye hati ya kiwanja, ni utaratibu mbovu hata kama kila hatua ya kiufundi imefuatwa.

Zipo sehemu ambazo hazifai kuingia katika sampuli yoyote ya kawaida: chini ya miti, ukingoni mwa njia na mifereji, palipolundikwa samadi au mboji, na kwenye vichuguu, kwa kuwa mchwa hupandisha udongo wa tabaka la chini ambao mara nyingi hutofautiana sana na udongo unaouzunguka. Sehemu hizo huachwa, au, zikiwa kubwa kiasi cha kulimwa peke yake, huchukuliwa sampuli yake.

Vipeperushi vya ugani hupenda kuonyesha mtu akipita bustanini kwa mwendo wa zigizagi. Mwendo huo una sababu yake, nayo ni kwamba matuta, mifereji ya umwagiliaji na mistari ya mbolea hufuata mwelekeo mmoja, na anayetembea kufuata tuta moja anaweza kuchota udongo wa mstari wa mbolea mwanzo hadi mwisho bila kujua. Lakini zigizagi iliyovuka mipaka ya historia haisaidii kitu, na inasikitisha kuona mchoro huo ukifundishwa peke yake kana kwamba ndio sampuli yenyewe.

Kuchota kwa kina kimoja

Kina cha sentimita 20 kwa mboga si kanuni ya mapambo. Fosforasi husogea polepole mno katika udongo, na mabaki ya mimea na samadi hukusanyika juu, kiasi kwamba sentimita chache za juu huwa tajiri kuliko zilizo chini yake. Anayechota kwa kukwangua juu hupata jibu linaloisifu bustani kupita ukweli, na anayechimba hadi sentimita 35 huuzimua udongo mzuri kwa ule wa chini. Kosa lililo gumu zaidi kuonekana ni la jembe lenyewe, kwa kuwa jembe huchimba shimo lililo pana juu na jembamba chini, na udongo unaotolewa humo kwa mkupuo huwa na sehemu kubwa ya tabaka la juu hata kama shimo limefika kina kinachotakiwa.

Njia ya kuliepuka, mahali ambapo hakuna bomba maalumu la kuchomolea udongo, ni kuondoa kwanza majani na takataka za juu bila kuuondoa udongo wenyewe, kuchimba shimo lenye upande mmoja uliosimama wima, kisha kukata kwa chepe kipande chenye unene wa sentimita 2 hadi 3 kutoka upande huo, kuanzia juu hadi sentimita 20. Kando za kipande hicho hupunguzwa kwa kisu au panga hadi ubaki ukanda wa katikati wenye upana ulio sawa toka juu hadi chini, na ukanda huo ndio unaoingia ndooni. Ndoo ya plastiki ndiyo inayofaa, kwa kuwa ndoo ya bati imepakwa zinki, ambayo ni mojawapo ya virutubisho vinavyohitajiwa na mmea kwa kiasi kidogo sana, na chembe zake chache zinaweza kuharibu kipimo hicho. Kwa miti ya matunda iliyomo bustanini mambo hubadilika: sampuli huchukuliwa chini ya ukingo wa matawi, na aghalabu kwa matabaka mawili yanayotengwa, la juu na lile linalofuata.

Wakati wa kuchota nao una uzito. Udongo uliolowa hadi kunata hauchanganyiki sawasawa, na udongo uliowekwa mbolea ya chumvichumvi au chokaa hivi karibuni hauonyeshi hali yake ya kudumu, ndiyo maana hushauriwa kusubiri miezi miwili hadi mitatu. Athari ya kutosubiri inaweza kukadiriwa. Mbolea ya DAP ina fosforasi inayokaribia asilimia 20 ya uzito wake. Punje moja yenye uzito wa miligramu 30 ina miligramu 6 za fosforasi, na ikibaki ndani ya nusu kilo ya sampuli na kusagwa pamoja nayo huongeza miligramu 12 kwa kila kilo ya udongo. Katika udongo wenye uchachu, kiwango kilicho chini ya miligramu 7 kwa kilo kwa njia ya Bray, iliyozoeleka kupimia fosforasi katika udongo wa namna hiyo, huhesabiwa kuwa kidogo. Hata kama sehemu tu ya fosforasi ya punje hiyo itasomwa na mashine, yatosha kuutoa udongo fukara katika daraja lake na kumnyima mwenye bustani pendekezo alilokuwa akilihitaji.

Kupunguza, kukausha na kufunga

Udongo wa ndoo huvunjwavunjwa kwa mikono safi, mawe na mizizi ikaondolewa, ukachanganywa hadi rangi yake iwe moja. Kisha hutandazwa kwa umbo la duara na kugawanywa mafungu manne. Mafungu mawili yanayotazamana hutupwa, mawili yanayobaki huchanganywa upya, na kazi hurudiwa mpaka ibaki nusu kilo. Kuchota nusu kilo ya juu ya ndoo ni kosa, kwa kuwa chembe nzito na nyepesi hujitenga ndoo inapobebwa.

Ukaushaji hufanyika kivulini, penye hewa, wala si juani, juu ya mabati au kando ya jiko, kwa kuwa joto kali hubadilisha kiasi cha potasiamu na manganisi kinachoweza kusomwa. Udongo mbichi uliofungwa katika mfuko na kukaa siku kadhaa kwenye basi huwa na tatizo la kinyume chake, maana vijidudu vilivyomo huendelea kuozesha mabaki ya mimea na kubadilisha umbo la naitrojeni. Kitu kimoja hupuuzwa mno nacho ni kitandio: viroba vilivyokuwa vya mbolea ya urea hupatikana kila nyumba, na udongo huanikwa juu yake bila mtu kufikiri kwamba unga wa mbolea ungali katika mishono.

Yote haya ni kwa ajili ya kipimo cha rutuba. Bustani yenye nyanya zinazonyauka ghafla zikiwa bado kijani, au zenye mizizi iliyofanya vinundu, huhitaji uchunguzi wa bakteria au wa minyoo fundo, na sampuli ya minyoo hutunzwa kwa namna iliyo kinyume kabisa, ikiwa na unyevu wake na mahali pa baridi, kwa kuwa viumbe hao hufa udongo ukikaushwa. Vivyo hivyo, bustani za mchicha zilizo katika mabonde ya mijini yanayopokea maji machafu, kama Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, zinaweza kupata majibu mazuri ya rutuba huku zikiwa na madini ya risasi, ambayo kipimo cha kawaida hakiyagusi mpaka yaombwe kwa jina.

Fomu na maabara

Vituo vya umma vinavyopima udongo vinajulikana: Tanzania kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, wilayani Muheza, mkoani Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, Kenya kuna taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo ya KALRO huko Kabete. Gharama na muda wa kusubiri huulizwa kabla ya kutuma. Mfuko huwekwa ndani ya mfuko wa pili, na lebo iliyoandikwa kwa penseli ikakaa kati ya mifuko hiyo miwili, kwa sababu karatasi inayogusa udongo wenye unyevu huoza na wino huyeyuka.

Fomu inayoambatana na mfuko hujazwa kwa haraka mno, pengine kwa sababu huonekana kuwa ya ofisi na si ya shamba. Kumbe pendekezo la mbolea haliwezi kuandikwa kwa namba za udongo peke yake: pH ya 5.6 inaweza kumaanisha kuweka chokaa kwa anayetaka kupanda vitunguu na kutoweka chochote kwa anayepanda viazi vitamu. Kwa hiyo zao linalokusudiwa, mazao yaliyotangulia, samadi na mbolea zilizotumika, kina cha uchotaji na tarehe yake ni lazima viandikwe, pamoja na alama ya kipande cha bustani inayolingana na mchoro uliobaki nyumbani.

Aidha, maabara iombwe kutaja njia iliyotumika kwa kila kipimo. Fosforasi iliyopimwa kwa njia ya Bray na ile iliyopimwa kwa njia ya Olsen, inayotumika zaidi kwa udongo wenye pH iliyozidi 7, hazilinganishwi namba kwa namba, na pH iliyopimwa katika maji huwa juu kuliko iliyopimwa katika myeyusho wa chumvi. Nakala ya fomu, mchoro na majibu zikae kwa mtunza bustani mwenyewe, si kwenye jalada la ofisi ya kata pekee, ili sampuli itakayochukuliwa baada ya miaka miwili au mitatu itoke katika vipande vilevile, katika mwezi uleule, na ipimwe kwa njia ileile.