MLANGO WA BUNGE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Huko Marekani wako watu ambao kazi yao ni kuwashawishi wajumbe wa Bunge wapitishe sheria fulani au waizuie. Hawakupigiwa kura. Wametumwa na matajiri, wakulima, madaktari, na vyama vya wafanya kazi pia. Jambo hili si la siri: tangu 1791 Katiba yao yampa kila mtu haki ya kupeleka malalamiko yake serikalini.

Sasa sikieni. Mwaka 1935 wafanya kazi walipata sheria ya Wagner, iliyolinda haki yao ya kuunda vyama. Matajiri hawakulala. Chama cha wenye viwanda kilitoa fedha, kikatuma watu wake Bungeni, na mwaka 1947 ikaja sheria ya Taft-Hartley ya kuvibana vyama. Rais Truman aliikataa. Bunge likampinga kwa kura 331 kwa 83, na Seneti 68 kwa 25. Sheria hiyo ingalipo hata leo.

Ndugu zangu, kura hupigwa siku moja, bali mlango wa Bunge u wazi kila siku. Tusipokuwapo sisi, mwenye mali yupo.