Tasnifu Yako Iko Wapi? CV ya Mwanafunzi wa Bujumbura na Kazi ya Kwanza ya Programu



Mada niliyopewa ni kuboresha CV ya mwanafunzi anayetafuta kazi ya kwanza ya kutengeneza programu za kompyuta. Ni mada pana, na anayeitaka yote atapata mawaidha tele ya bure kwenye intaneti, mengine mazuri. Mimi nitashika kona moja. Karibu kila aliyekaa humu ameandika au anaandika tasnifu ya kumaliza masomo. Kazi hiyo imemla miezi, imemkosesha usingizi, imempeleka kwa mwenye duka au kwa mkuu wa shule kuomba ruhusa ya kuuliza maswali. Halafu kwenye CV inapewa mstari mmoja, tena chini kabisa, jirani na "kwaya na mpira wa miguu". Nasema huo ndio mstari wenye thamani kuliko yote, na nimekuja kuomba utolewe huko chini.

CV zetu nyingi zinaanza na jina la baba na la mama, kilima na tarafa ya kuzaliwa, uraia, hali ya ndoa. Zinafuata shule zote tangu ya msingi, kisha orodha ya lugha za programu, na mwisho kiapo kwamba yaliyoandikwa ni ya kweli. Muundo huu haukuzuka hivi hivi. Ni wa dosie ya kuomba kazi serikalini, ambako karani anakagua kama karatasi zimetimia: nakala ya diploma iliyothibitishwa, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa. Tangazo likitaka hivyo, mpe hivyo, usibishane naye. Lakini anayeajiri mtengeneza programu, awe katika benki mjini hapa au katika kampuni ndogo ya Nairobi, anauliza jambo jingine: huyu ameshatengeneza nini, na mimi nitakiona wapi?

Chukua mstari huu. Nimeutunga, ila kila mwalimu aliyepo ameshausoma mara nyingi: "Tasnifu: Usanifu na utengenezaji wa mfumo wa kompyuta wa kusimamia duka la dawa. Daraja: Distinction." Unaniambia nini? Kwamba mada ilikubaliwa na jopo liliridhika, basi. Sasa mkalishe mwandishi wake umhoji. Duka lilikuwa wapi? Buyenzi. Kabla yako walikuwa wanaandika wapi? Kwenye daftari. Na nini kilikusumbua kuliko vyote? Hapo ndipo uso unapochangamka. Umeme ukikatika muuzaji akiwa katikati ya kuandika mauzo, dawa ilikuwa imeshapunguzwa kwenye akiba lakini pesa haijaandikwa, na jioni hesabu zinagoma. Akahangaika, akasoma, akajifunza kufunga hatua zote mbili katika muamala mmoja wa hifadhidata: ama zote ziandikwe, ama isiandikwe hata moja. Kisha akagundua kwamba boksi za dawa ile ile huja na tarehe tofauti za kuisha muda, kwa hiyo haitoshi kuandika kwamba dukani mna paracetamol kiasi fulani. Kila mzigo ulioingia lazima uhesabiwe peke yake, na wenye muda mfupi uuzwe kwanza.

Haya yote hayamo kwenye CV. Yamo kichwani mwake, na mengine yamo katika sura ya tatu ya kitabu kilichofungwa kabatini maktaba. Mwajiri angeyajua, angemwita kesho.

Kwa hiyo mstari ule uandikwe upya, upande juu, upewe nafasi ya kupumua. Kwa mfano: "Mfumo wa mauzo na akiba ya dawa kwa duka moja la Buyenzi, 2024 (PHP, MySQL). Nimeutengeneza peke yangu, kuanzia mahojiano na muuzaji hadi majaribio dukani. Umeme ukikatika, mauzo hayabaki nusu. Kila mzigo unafuatiliwa kwa tarehe yake ya kuisha muda, na mfumo unaonyesha dawa ya kuuzwa kwanza." Chini yake weka kiungo cha msimbo na kiungo cha video fupi. Kama duka halikuutumia baada ya utetezi, usiseme lilitumia. Andika "ulijaribiwa dukani", inatosha.

Hapa kuna ushauri mmoja wa intaneti ninaoukataa. Unasema kila mstari uwe na tarakimu: nimeongeza mauzo kwa asilimia kadhaa, nimepunguza muda kwa asilimia kadhaa. Mwanafunzi mwenye duka moja la dawa hana asilimia hizo, na akizibuni ataulizwa alizipimaje. Hesabu kinachohesabika: aina za dawa zilizoingizwa, watu waliotumia mfumo, wiki za majaribio. Mambo hayo unayajua bila kukisia.

Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika kazi hii yetu methali hiyo inatuponza. Programu nzuri inayokaa kwenye kompyuta moja, inayowaka kwa XAMPP mbele ya jopo siku ya utetezi na kuzimwa jioni yake, haijiuzi kwa mtu yeyote. Lazima ikae mahali pa kuonekana. Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, na GitHub, iliyofunguliwa 2008 na kununuliwa na Microsoft 2018, ndiko waajiri wengi wanakochungulia. Akaunti ni ya bure. Kurasa zisizohitaji hifadhidata unaweza hata kuziweka hewani kupitia GitHub Pages bila kulipa seva. Mfumo unaohitaji seva na huna ya kulipia, rekodi video ya dakika mbili: mauzo yanaandikwa, unazima kompyuta makusudi, unaiwasha, hesabu ziko sawa. Nimeona maelezo marefu ya kurasa nzima yakishindwa kufanya kinachofanywa na dakika mbili kama hizo.

Anayechungulia hatasoma msimbo wote. Atasoma faili la README, kwa hiyo hilo liandikwe vizuri: mfumo unafanya nini, unawashwaje, nini bado hakijakamilika. Kisha atatazama historia ya mabadiliko. Historia yenye ingizo moja tu, lenye jina "final", lililowekwa saa sita usiku kuamkia utetezi, inamfanya ajiulize kazi ni ya nani. Historia ya miezi mitatu yenye masahihisho madogo madogo inamwonyesha mtu anavyofikiri. Anayeanza tasnifu leo aanze na Git leo hii hii, hata kama mwalimu wake hajamtaka. Na yale mazoezi ya kunakili kutoka kwenye video, vikokotoo na orodha za mambo ya kufanya, yafiche. Bakiza kazi mbili tatu unazoweza kuzitetea.

Nigusie staji. "Staji, idara ya informatika, miezi miwili" ni sentensi isiyo na mtendaji. Najua wengi walipewa kuvuta nyaya, kusafisha printa na kuweka upya Windows. Sawa, yaandike, lakini kwa vitenzi: niliwahudumia wafanyakazi wa dirishani kompyuta zao zilipogoma, niliandika mwongozo wa hatua za kuunganisha printa. Anayejua kumsikiliza mtumiaji aliyekasirika ana kitu ambacho wasanifu wengi wa programu hawana. Lakini kama staji ilikuwa benki, msimbo wa benki hiyo au taarifa za wateja wake zisionekane kwenye GitHub yako hata kidogo. Hilo si suala la CV, ni la sheria.

Sasa kuhusu msomaji wa mbali. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja, inayogusa pia wafanyakazi wanaovuka mipaka, ilianza kutumika Julai 2010. Mpaka wetu wa ardhi na Rwanda ulifungwa Januari 2024, lakini ombi la kazi halisimamishwi kwenye kituo cha mpaka cha Ruhwa. Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Kigali zote zinasomeka kutoka hapa, na kazi nyingine hufanywa kwa intaneti bila mtu kuhama. Msomaji wa huko hajui mambo yetu, na kuna manne yanayomkwaza.

La kwanza ni diploma. Katika mfumo wetu wa BMD (Baccalauréat, Master, Doctorat), Baccalauréat ni shahada ya kwanza ya chuo kikuu, miaka mitatu. Aliyezoea mambo ya Ufaransa akiliona neno hilo atadhani umemaliza sekondari tu. Andika "shahada ya kwanza ya chuo kikuu, miaka 3" kwa lugha ya tangazo. La pili ni alama. Kumi na nne kwa ishirini inaonekana ya kawaida kwa asiyejua kwamba kwetu ni Distinction. Andika vyote viwili, usijipe daraja la Kenya mwenyewe. La tatu ni jina. Sisi huandika jina la Kirundi kwanza, mathalani Niyonkuru, na jina la ubatizo baadaye, na fomu za huko zinageuza. Chagua mpangilio mmoja, utumie huo huo kwenye CV, barua pepe na GitHub, ili diploma ikija isionekane ya mtu mwingine. La nne dogo: namba ya simu ya tarakimu nane bila +257 haipigiki kutoka Kampala.

Kwa msomaji huyo pia ondoa wazazi, kilima, ndoa na kiapo. Anwani iwe "Bujumbura, Burundi" basi. Mgawanyo mpya wa nchi katika mikoa mitano na tarafa zake hata sisi wenyewe bado tunauzoea. Ukurasa mmoja unatosha, tena wa safu moja, kwa sababu kampuni kubwa huzisomesha CV kwa programu kabla ya mtu, na violezo vya safu mbili vyenye nyota huzichanganya. Na ile michoro ya "PHP 85%" ifutwe kabisa. Asilimia 85 ya nini?

Lugha zenu ni mali. Kirundi, Kifaransa, Kiswahili, na Kiingereza kilichofanywa lugha rasmi mwaka 2014. Badala ya kuandika "Kiingereza: nzuri", ionyeshe: andika README kwa Kiingereza, au shiriki katika mradi wa programu huria. Kwa mfano, Wizara yetu ya Afya inatumia DHIS2, programu ya takwimu za afya inayotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo. OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa, ilianza mwaka 2004 kwa ajili ya kliniki za Eldoret, Kenya. Miradi yote miwili iko wazi kwa mtu yeyote kuisoma na kupendekeza masahihisho. Sahihisho moja dogo lililopokelewa, hata la maelezo ya matumizi, lina jina lako na tarehe mbele ya ulimwengu, na mtu asiyekujua amelikagua.

Mchana tutafanya kazi. Kila mmoja afungue tasnifu yake kwenye sura ya utekelezaji, aandike sentensi tatu kama zile za duka la dawa, ampe jirani yake. Jirani aulize, na aendelee kuuliza. Sentensi utakayoshindwa kuitetea ifute hapo hapo. Wenye kompyuta wakae na wasio nazo. Tunaanza saa nane kamili.