Mlinda Mlango Aliyegeuka Kocha: Dino Zoff na Kazi ya Kubeba Lawama

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa nizungumze juu ya michezo, nami nimechagua kandanda, na katika kandanda mtu mmoja tu: Dino Zoff wa Italia, aliyekuwa mlinda mlango kwa zaidi ya miaka ishirini, kisha akawa kocha. Sikumchagua kwa ajili ya vikombe vyake, ingawa anavyo vingi. Nimemchagua kwa sababu kazi zake zote mbili ni kazi za kulaumiwa. Mshambuliaji akikosa mara tatu na kufunga mara ya nne hubebwa mabegani. Golikipa akiokoa mikwaju kumi na kufungwa mmoja, watu huuzungumza huo mmoja mpaka kesho. Kocha naye hufungwa bila hata kuugusa mpira. Wengi wetu hapa tumo katika kazi za namna hiyo: mwalimu, mganga, mtunza fedha, dereva wa basi. Ukifanya vizuri hakuna anayeona. Ukiteleza, mji mzima unajua.

Zoff alizaliwa tarehe 28 Februari, 1942, katika kijiji cha Mariano del Friuli, kaskazini mashariki ya Italia, katika jamaa ya wakulima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na minne alijaribiwa na klabu mbili kubwa, Inter na Juventus. Zote zilimkataa kwa kuwa alikuwa mfupi. Alirudi kijijini, akajifunza ufundi wa mitambo, na bibi yake, kama inavyosimuliwa, akawa anamlisha mayai manane kila siku ili arefuke. Kama ni mayai au ni umri tu, siwezi kuamua. Hakika ni kwamba alirefuka, na klabu ya Udinese ikamchukua.

Mchezo wake wa kwanza katika daraja la juu ulikuwa Septemba 1961, dhidi ya Fiorentina. Alifungwa mabao matano. Mwisho wa msimu Udinese ikashushwa daraja. Vijana, mwanzo wenyewe ndio huo! Angeweza kurudi kwenye ufundi wake, na hakuna ambaye angemshangaa. Lakini aliteremka na timu yake daraja la pili, akacheza, na mwaka 1963 akahamia Mantova, kisha Napoli mwaka 1967.

Timu ya taifa ilimwita Aprili 1968, naye alikuwa na umri wa miaka 26. Wiki chache baadaye Italia ilitwaa ubingwa wa Ulaya, naye akiwa golini. Ungedhani sasa mahali pake pamethibitika. La! Katika Kombe la Dunia la mwaka 1970 kule Mexico, goli lilikabidhiwa kwa Albertosi, na Zoff, bingwa wa Ulaya, akakaa benchi hata siku ya fainali, Italia ilipofungwa na Brazil mabao 4 kwa 1. Hakugomba na mtu. Mwaka 1972 alijiunga na Juventus, klabu ile ile iliyomkataa utotoni. Alikaa huko misimu kumi na moja, na katika misimu yote hiyo hakukosa mchezo hata mmoja wa ligi: michezo 330 mfululizo. Klabu ilitwaa ubingwa wa Italia mara sita katika muda huo.

Kuanzia mwaka 1972 hadi 1974 alidaka katika michezo ya taifa dakika 1,142 pasipo kufungwa. Waliokuja kuuvunja mwiko huo hawakuwa Waingereza wala Wajerumani. Alikuwa Emmanuel Sanon wa Haiti, nchi ndogo ambayo wengi hawakuitazamia, mjini Munich, Juni 1974. Italia ilishinda mchezo ule mabao 3 kwa 1, lakini dunia inalikumbuka bao la Sanon. Hiyo ndiyo hesabu ya golikipa.

Sasa nifike kwenye jambo nililotaka hasa kulisema. Maisha ya Zoff yalipata lawama kubwa mara mbili, na kila mara alijibu kwa njia yake.

Lawama ya kwanza ilikuja mwaka 1978, katika Kombe la Dunia kule Argentina. Italia ilifungwa na Uholanzi, kisha na Brazil katika kugombea nafasi ya tatu, kwa mikwaju iliyopigwa kutoka mbali sana. Zoff alikuwa na umri wa miaka 36. Watu wakasema macho yake yamekwisha, astaafu awapishe vijana. Lawama hii ilihusu kazi, na ilikuwa na ushahidi: mipira ilikuwa imeingia, na kila mtu aliiona. Zoff hakutafuta beki wa kumtupia. Alirudi mazoezini. Kocha wa taifa, Enzo Bearzot, akaendelea kumwamini.

Miaka minne baadaye, kule Hispania, alikuwa nahodha mwenye umri wa miaka 40. Italia ilianza vibaya: sare na Poland, sare na Peru, na sare ya bao 1 kwa 1 na ndugu zetu wa Kameruni, ambao golini walikuwa na Thomas N'Kono. Italia ilisonga mbele kwa sababu tu ilikuwa imefunga mabao mawili na Kameruni moja. Magazeti ya kwao yaliwashambulia wachezaji kwa maneno makali, hata wakakata shauri kutozungumza tena na waandishi. Nahodha peke yake ndiye angewasemea. Basi msemaji akawa Zoff, mtu asiyependa maneno kuliko wote! Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo ulikuja. Argentina ikafungwa. Tarehe 5 Julai, mjini Barcelona, Italia ilikuwa ikiongoza mabao 3 kwa 2 dhidi ya Brazil, dakika zikikaribia kwisha. Oscar akaruka na kuupiga mpira kwa kichwa. Zoff akajitupa, akaudaka juu ya mstari wa goli, akaukumbatia. Ungepita, Brazil ndiyo ingeendelea. Siku sita baadaye, mjini Madrid, Ujerumani Magharibi ilifungwa mabao 3 kwa 1, na Zoff akainua Kombe la Dunia, akiwa na miaka 40 na siku 133. Hilo ndilo jibu lake la mwaka 1978.

Aliacha kucheza mwaka 1983, akaingia kwenye ukocha. Aliiongoza timu ya Olimpiki ya Italia, kisha mwaka 1988 Juventus ikamkabidhi timu. Msaidizi wake alikuwa Gaetano Scirea, beki waliyecheza pamoja miaka mingi. Septemba 1989 Scirea alikwenda Poland kuitazama timu ambayo Juventus ingekutana nayo katika Kombe la UEFA, akafa huko katika ajali ya gari. Mlinda mlango hufungwa bao akaokota mpira wavuni. Kocha anapompoteza mtu, haokoti kitu. Anabaki na timu ambayo lazima icheze Jumapili. Zoff aliibeba, na mwaka 1990 Juventus ikatwaa Kombe la Italia na Kombe la UEFA lenyewe. Hata hivyo uongozi wa klabu ulitaka mtindo mwingine wa mchezo, naye akaondoka na vikombe viwili mkononi. Alikwenda Lazio, akawa kocha, baadaye rais wa klabu, na mwaka 1998 akaitwa kuiongoza timu ya taifa.

Lawama ya pili ilikuja Julai 2000. Italia ilifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya mjini Rotterdam. Iliiongoza Ufaransa bao 1 kwa 0 mpaka dakika za majeruhi, Wiltord akasawazisha, na katika muda wa ziada Trezeguet akafunga bao la dhahabu. Kesho yake Silvio Berlusconi, mwanasiasa mkubwa na mwenye klabu ya Milan, alimlaumu Zoff hadharani kwa kutompangia Zidane mtu wa kumganda, tena kwa maneno ya dharau. Tarehe 4 Julai Zoff alijiuzulu. Alieleza kwamba hakubali kuona kazi ya mtu ikidharauliwa namna ile, wala hahitaji kufundishwa heshima.

Wako wanaosema alikosea, na wana hoja. Suala la Zidane ni suala la kandanda, na kocha anaweza kuulizwa. Tena wachezaji walibaki bila kiongozi waliyekuwa wamemzoea. Mimi naona hivi: mwaka 1978 aliambiwa, “Umefungwa.” Hilo hujibiwa kwa kazi. Mwaka 2000 aliambiwa kwamba hafai kuheshimiwa. Hilo halijibiwi kwa kazi, kwa sababu hata ungeshinda kombe, dharau ingebaki pale pale. Wala hakuondoka kwa kuukimbia mzigo. Aliondoka akiwa wa pili katika Ulaya nzima, na gharama aliilipa mwenyewe, maana hakupewa tena timu ya taifa. Kazi hakuiogopa. Mwaka 2001 alirudi Lazio, na mwaka 2005 aliichukua Fiorentina ikiwa katika hatari ya kushuka, akaiokoa isishuke.

Vijana wetu, mtakataliwa mahali, na pengine kwa sababu zisizo na haki, kama kimo. Mtafungwa matano siku ya kwanza. Lawama ikiwa ya kazi, ipokeeni, mrudi mazoezini. Nasi tulio wakubwa, wenye watu chini yetu, tujiulize tunapomkaripia karani au mwalimu kijana: je, tunailaumu kazi yake, au tunamvunjia utu wake? La kwanza ni haki yetu. La pili litamfanya mtu mwema aondoke, nasi tutabaki na goli tupu.