Njia ya Mgongoni mwa Vilima

Katika siku hizi za yubile twasimulia sana habari za waliotutangulia. Leo twataka kuwaonyesha njia moja ya kusini mwa Uingereza, iitwayo Ridgeway, yaani njia ya mgongo wa vilima, kwani ina neno la kutufundisha.

Njia hiyo yapita juu ya vilima vya chaki, nyeupe kama ile ya ubaoni. Yasemekana watu wameipita kwa miaka ipatayo 5000. Mabondeni palikuwa na matope na misitu, bali juu chaki hunywa maji upesi, na mguu hukanyaga pakavu. Wachungaji na wachuuzi waliifuata na makundi yao. Mwaka 1973 ilifunguliwa rasmi kwa waendao kwa miguu: maili 87, tangu Overton Hill, karibu na mawe makuu ya Avebury, kuvuka mto Thames penye Goring, hata Ivinghoe Beacon.

Karibu na njia, ubavuni mwa kilima cha Uffington, yuko farasi mweupe mwenye urefu wa meta 110 hivi. Walimchora yapata miaka 3000 iliyopita, kwa kuchimba mitaro na kuijaza chaki iliyopondwa.

Basi, fikirini. Majani hayamstahi mzee wala kazi yake. Farasi yule akiachwa bila kupaliliwa, nyasi humfunika, naye hupotea. Katika vita vya 1939 hata 1945 alifunikwa kwa makusudi, ili marubani wa adui wasimfanye alama. Vita vilipokwisha akafunuliwa tena. Hata leo watu hupanda kilimani, hupiga magoti, nyundo mkononi, wakaponda chaki mpya. Hakuna ajuaye jina la mchoraji wa kwanza, wala majina ya hao wenye nyundo hayachongwi jiweni. Lakini kila kizazi kimeshika zamu yake. Kama kimoja kingalilala, sisi tusingaliona kitu.

Nasi tumerithi njia, shule na visima. Kuwasifu waliovichimba ni vema, lakini sifa haziondoi magugu. Njia hudumu kwa nyayo za wapitao na kwa majembe ya wapaliliao. Haya, ndugu, zamu hii ni yetu. Na watoto wetu watazame jinsi tunavyoishika.