Jiwe Lisilokufa: Tunachojifunza kwa Kufungua Sigara ya Kielektroniki



Nilikokulia, betri za redio tuliziita mawe. Sauti ya mtangazaji ikianza kukwaruza, mama aliyaanika mawe juu ya bati, na jioni tukapata taarifa ya habari kwa siku mbili tatu zaidi. Yakikataa kabisa, yalikuwa yamekufa kweli. Kopo la zinki la jiwe ndilo linaloliwa ili umeme upatikane; hutoboka, uji wake ukavuja, na zinki iliyoliwa hairudi.

Leo nimekuja na jiwe la namna nyingine. Hapa mezani ipo sigara ya kielektroniki ya kutumia na kutupa, nene kidogo kuliko kalamu ya ubaoni, ambayo nimeifumua kwa koleo. Aliyeitupa alisema imekwisha. Swali langu ni moja: kilichokwisha ni nini?

Tuanze juu, mdomoni. Kuna pamba iliyolowa kimiminika chenye glisarini, nikotini na vionjo, na katikati yake umepita waya uliosokotwa kama springi. Chini kabisa kuna kisahani kinachofanana na maikrofoni ya simu. Mtu akivuta, mgandamizo wa hewa unashuka, utando wa kisahani unajongea, na sakiti inaruhusu umeme kwenda kwenye waya. Waya wenye ukinzani wa omu 1.2 ukipewa volti 3.7 hupitisha ampea 3 hivi, yaani wati 11, na pamba inafuka mvuke. Hakuna kitufe, swichi ni pumzi ya mvutaji.

Katikati ndimo ilimo betri. Ubavuni imeandikwa 13400: kipenyo milimita 13, urefu milimita 40. Uwezo wake ni miliampea-saa 550. Betri ya simu ya kitochi huwa na takriban 1,000, kwa hiyo sigara mbili zilizotupwa zinatosha kitochi kimoja. Betri ya aina hii ikijaa husoma volti 4.2, na ikikaribia 3 ndipo tunaihesabu kuwa tupu. Hii niliipima asubuhi kwa multimita ikasoma 3.6. Taa ndogo ninayosomea karatasi zangu tangu nisimame hapa inawaka kwa betri hiyo.

Betri yenyewe sikuipasua, na wanafunzi wasithubutu. Ndani mna chumvi ya lithiamu katika kimiminika kinachoshika moto, na chumvi hiyo ikikutana na unyevu hutoa asidi inayounguza hadi ndani ya nyama. Watafiti wa University College London walitumia eksirei kuchungulia. Picha zake ni za mkeka uliokunjwa: karatasi ya shaba iliyopakwa grafiti, karatasi ya alumini iliyopakwa oksidi ya kobalti, na kati yake utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele.

Hapo ndipo jiwe hili linapotofautiana na lile la mama. Lithiamu hailiwi, inasafiri. Ukitumia betri, inatoka kwenye grafiti kwenda kwenye kobalti. Ukichaji, inarudi, kama daladala kati ya vituo viwili. Kila safari gari linachakaa kidogo, kidogo sana. Mwaka 2023 watafiti hao, pamoja na wenzao wa Oxford, walichaji na kutumia tena na tena betri za sigara hizi. Aina mojawapo ilivuka mara 700 ikiwa bado na nguvu, ilhali iliuzwa kwa kazi ya mara moja.

Kwa hiyo kilichokwisha ni kimiminika cha kwenye pamba. Mama alipoanika mawe juani alikuwa akibembeleza maiti. Sisi tunazika kilicho hai.

Na tunazika nini? Mchanganyiko huo wa lithiamu na oksidi ya kobalti ulipatikana Oxford mwaka 1980, chini ya John Goodenough. Sony ikauingiza sokoni mwaka 1991. Mwaka 2019 Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino wakapewa Nobeli ya Kemia. Kobalti yenyewe, zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima, inachimbwa Kongo, kwenye ukanda wa Kolwezi na Likasi, ambako wachimbaji wanaitana kwa Kiswahili hiki hiki. Mtu ameshuka shimoni na sururu ili mwingine avute mvuke wenye ladha ya tikiti maji.

Sheria imejaribu kuzuia maziko haya: Uingereza ilipiga marufuku sigara za kutupa kuanzia tarehe 1 Juni 2025. Viwanda vikaongeza tundu la chaji na kuendelea kuuza. Sheria inaweza kudai tundu, lakini haiwezi kumlazimisha mtu kulitumia.

Sisemi mkachaji betri za sigara za kutupa nyumbani. Nyingi hazina sakiti ya kuzuia chaji kupita volti 4.2, na oksidi ya kobalti ikipata joto kupita kiasi hutoa oksijeni yake yenyewe, hata ukiufunika moto hauzimiki. Ninachoomba ni pale fundi anaposema kitu kimekufa, tumuulize: kimekufa wapi?

Nikishuka hapa, betri hii inarudi maabara, kwenye ndoo ya mchanga, zilipo nyingine. Hazijapimwa bado. Mwenye nia aje Jumatatu saa mbili asubuhi, na miwani ya kinga.