Filtre ya hewa ya gari yetu: tuchague gani?

Maneno ya mwenye kushughulika na gari, katika mkutano wa wanamemba



Kamati imeniomba niseme juu ya ile filtre ya kufua. Munajua mufadhili mmoja yuko tayari kutununulia filtre ya pamba, zile zinaitwa za nguvu: unafua, unarudisha, hautupi. Ni zawadi nzuri, tunamushukuru. Lakini tusijibu ndiyo mbele ya kuangalia gari yetu inafanya kazi gani.

Land Cruiser yetu iko na motere 1HZ ya mazutu, lita 4.2, bila turbo. Kila siku iko kwenye barabara ya taifa namba 5, na mihogo, na mbao, na mgonjwa akipatikana. Mwezi wa saba ukifuata kamio nyingine huoni hata mikono yako.

Juu ya nguvu, tusijidanganye. Katika motere kama hii, nguvu inatoka kwenye mazutu inayopigwa ndani. Kama filtre haijaziba, hewa inatosha. Filtre ya bei kubwa haitatupandishia mlima na magunia ya ziada.

Adui yetu ni vumbi. Ikipita, inasaga silinda na masegma kama msasa. Gari inaanza kunywa mafuta ya motere, inatoa moshi wa bluu, na mwisho tunafungua motere. Pesa ya kufungua motere itatoka wapi? Katika mfuko wa magonjwa na misiba, hakuna mwingine.

Ile ya pamba inakamata vumbi juu ya mafuta iliyopakwa. Ikipakwa vibaya, vumbi inapita. Ikipakwa nyingi, katika magari ya kisasa inachafua kifaa cha kupima hewa. Ya kwetu haina kile kifaa, hapo hatuna woga. Kiwanda kinasema kilomita 80 000 mbele ya kufua, lakini hizo ni za lami! Huku tutafua mara kwa mara: dawa yake, maji polepole kutoka upande safi kwenda upande muchafu, kuanika kivulini bila kompreseri wala moto, kisha kupaka mafuta yake yenyewe, hapana ya motere, hapana mazutu. Na gari inatoka saa kumi na mbili asubuhi, filtre ikiwa ingali inatonya maji.

Ya karatasi inachuja vumbi laini vizuri zaidi. Shofere anaigonga polepole, anaipuliza kidogo kutoka ndani. Haifuliwi. Ukiiweka mbele ya taa na kuona katundu, tupa.

Kwa hiyo mimi nachagua karatasi, na nasema tumuombe mufadhili atupe zile kwa pesa ileile. Kama anapenda pamba, basi ziwe mbili, za kipimo cha 1HZ, mpira wake ukae sawa pande zote, pamoja na dawa na mafuta ya kutosha, maana madukani mwetu sijaviona.

Yoyote itakayokuja, shofere apitishe kitambaa cheupe ndani ya bomba nyuma ya filtre kila juma. Kikitoka na vumbi, gari haitoki. Aandike tarehe katika daftari.

Barua ya mufadhili iko kwa katibu. Muisome leo, itiwe sahihi kesho.