Hewa kwa Wanaokaa Nyuma

Maelezo ya Mratibu wa Miradi mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika na wafadhili



Nimeombwa nieleze kwa nini katika makisio ya mwaka ujao tumeweka kifungu cha kubadilisha vioo vya pembeni vya magari ya idara ya afya. Baadhi yenu mmeuliza, na ni haki yenu, kama kioo ambacho hakijavunjika kinastahili kutumia fedha iliyochangwa na washarika. Jibu langu ni kwamba kinastahili, kwa masharti nitakayoyataja.

Magari yenyewe mnayafahamu. Ni Toyota Land Cruiser ndefu za kundi la 75, lile lililotangulia kundi la 78 la mwaka 1999. Zina injini ya dizeli ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2. Mafundi wengi wanaijua injini hiyo na vipuri vyake vinapatikana, kwa hiyo hatuna sababu ya kuziuza. Tatizo liko nyuma ya kiti cha dereva. Huko kuna mabenchi mawili yanayotazamana, na abiria wanakaa wakiwa wameupa mgongo ukuta wa gari. Magari ya namna hii hayakutoka yote sawa: mengine yalikuja na vioo vya pembeni vya kusukuma, mengine yalikuja na vioo vilivyobanwa kwa mpira visivyofunguka kabisa. Yetu ni ya aina hiyo ya pili. Dereva akisikia joto huteremsha kioo chake. Walioko nyuma hawana cha kuteremsha.

Na walioko nyuma ni akina nani? Ni mama mjamzito anayepelekwa hospitali, mtoto mwenye homa, mgonjwa anayekohoa, na muuguzi anayewasindikiza. Hewa inayoingia kwa madirisha ya mbele haizunguki vizuri nyuma, kwa sababu haina pa kutokea. Jua la mchana likipiga bati na vioo, joto hubaki humo humo. Wenye kichefuchefu hutapika, na safari iliyobaki wote wanaivumilia harufu hiyo.

Joto si jambo kubwa kuliko yote. Kifua kikuu huenea kwa njia ya hewa. Mgonjwa akikohoa mahali palipofungwa, vijidudu hubaki vikielea hewani, na anayekaa naye saa nyingi huvivuta. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu hewa ya asili katika vituo vya afya. Kwa wodi za kawaida lilipendekeza lita 60 za hewa kila sekunde kwa kila mgonjwa. Mwongozo ule unahusu majengo, lakini funzo lake linatufaa: hewa safi iingie na hewa chafu itoke. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia nchini mwaka 2020, sote tuliambiwa tufungue madirisha. Muuguzi wetu hawezi kufungua kioo kisichofunguka.

Wengine wamependekeza kiyoyozi. Ni kitu kizuri, lakini kikiwekwa kwenye hali ya kuzungusha hewa ya ndani, kinapoza hewa ile ile aliyokoholea mgonjwa. Tena kinatumia mafuta, na kikiharibika tunarudi tulipokuwa.

Kuna pia desturi ya kufunga mlango wa nyuma kwa kamba ili ubaki wazi kidogo gari likitembea. Naomba madereva na viongozi walisikie hili vizuri. Gari linapokwenda, hewa iliyo nyuma yake huvutwa kuingia ndani kupitia mlango huo, na huja na moshi wa injini pamoja na vumbi la barabara. Katika moshi huo kuna gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Hiyo si njia ya kuwapa wagonjwa hewa.

Sasa, kazi yenyewe inafanywaje? Si ngeni hapa nchini. Arusha wapo mafundi wanaogeuza Land Cruiser kuwa magari ya watalii, na madirisha ya kusukuma ni sehemu ya kazi yao ya kila siku. Kwetu ni rahisi zaidi, kwa sababu tundu la dirisha lipo tayari na bodi haikatwi. Ila mjumbe anayesimamia inafaa ajue mambo matano.

Kwanza, kioo. Kioo cha pembeni cha gari hutiwa moto kiwandani ili kikivunjika kiwe chembe ndogo ndogo, si vipande vyenye makali. Kioo cha namna hiyo hakikatwi tena. Ukijaribu kukikata, chote kinasambaratika. Fundi akisema atakikata karakanani kwake kifuate kipimo, basi mjue ni kioo cha dirisha la nyumba, na gari likipinduka kitawakata abiria. Tafuteni alama iliyochapwa pembeni mwa kioo. Mojawapo ni herufi E ndani ya duara pamoja na namba 43R.

Pili, kipimo. Kabla ya kununua, fundi achore tundu la dirisha kwenye kadibodi, pamoja na mviringo wa kona zake. Tukipata vioo vya kusukuma vilivyotumika, kutoka kwenye gari la aina ile ile, hiyo ni nafuu kubwa, mradi fremu haijapinda na kioo kinateleza bila kukwama.

Tatu, kutu. Kioo cha zamani kikitoka ndipo ukweli unapoonekana. Chini ya mpira maji hukaa kwa miaka, na bati huliwa. Kutu ikwanguliwe hadi bati safi, palipotoboka pachomelewe, kisha ipakwe rangi ya kuzuia kutu na iachwe ikauke. Kujaza matundu kwa pati na kuyafunika kwa mpira mpya ni kuficha ugonjwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nne, ufungaji. Mpira uwe mpya. Huvishwa kwenye fremu, na kamba nyembamba hupitishwa ndani ya mfereji wake. Maji ya sabuni hupakwa ili uteleze. Mtu mmoja anasukuma fremu kutoka nje, mwenzake anavuta kamba kutoka ndani, na mdomo wa mpira unakaa juu ya bati. Wasitumie grisi wala oili, kwa sababu huharibu mpira. Kazi ikiisha, gari limwagiwe maji kwa mpira wa bustani kabla fundi hajalipwa, na mtu akae ndani akiangalia panapovuja.

Tano, matunzo. Fremu ya kioo cha kusukuma ina vitundu chini vya kutolea maji nje. Barabara zetu za vumbi huviziba, maji hurudi ndani, na kutu huanza upya. Dereva avisafishe kila anapoosha gari. Komeo liwe la ndani, lisifunguke kwa mtu aliye nje, kwa kuwa gari hubeba pia dawa. Lakini tusichomelee nondo juu ya madirisha. Ajali ikitokea, dirisha linaweza kuwa njia ya kutokea.

Ndugu zangu, ninayowaomba ni machache. Kamati ziidhinishe kazi hii ianze na gari moja, lile linalobeba wagonjwa wengi zaidi, upande wa kulia na wa kushoto, ili hewa ipite. Tupate bei kutoka kwa mafundi watatu, na kila bei itenge gharama ya kioo, ya mpira na ya kutengeneza bati. Muuguzi na dereva watupe taarifa baada ya miezi mitatu, yakiwemo masika, ndipo tuamue kuhusu magari mengine.

Kwenu wafadhili, nasema kwa heshima: mara nyingi ni rahisi kupata fedha ya gari jipya lenye nembo mlangoni kuliko fedha ya kulitunza la zamani. Tunaomba bajeti za usafiri ziruhusu kazi ndogo kama hii. Gari linapopita kijijini, watu humwona dereva. Sisi tunaolisimamia tuwahesabu na wale ambao hawaonekani, waliokaa nyuma.